Tathmini ya Sheria ya Ushahidi, Sura ya 6: mlango mpana, mizani kali, pengo kwa wataalamu

Tunapima hapa kipande kimoja tu cha Sheria ya Ushahidi ya Tanzania: vifungu vinavyomhusu shahidi. Nani anaruhusiwa kupanda kizimbani, anatikiswaje akishapanda, na mtaalamu anapokewaje na maoni yake. Sheria yenyewe ni Na. 6 ya 1967, na mifupa yake ni ile ile ya Sheria ya Ushahidi ya India ya 1872. Aliyesoma ya India au ya Kenya hatapotea humu. Zanzibar haitumiki, maana huko wana sheria yao ya 2016. Mahakama za Mwanzo nazo haizihusu, zina kanuni zao fupi za 1964 ambazo ni mada nyingine kabisa.

Kama chombo cha kazi, sheria hii ni bora kuliko inavyosemwa vibarazani. Vifungu vya shahidi vimeandikwa kwa akili, na mahali pengi vinamtendea haki mnyonge. Kinachoviangusha mara nyingi ni kalamu: mwenendo wa kesi, yaani kumbukumbu inayoandikwa na mahakama, usioonyesha kwamba kifungu kilifuatwa. Upande wa wataalamu, hata hivyo, kasoro ni ya sheria yenyewe, na tutaifikia.

Mlangoni

Kifungu cha 127(1) kinaanza na kila mtu. Kila mtu anaweza kuwa shahidi, isipokuwa mahakama ikiona hawezi kuelewa maswali au kuyajibu kwa mantiki kwa sababu ya umri mdogo, uzee uliokithiri, maradhi ya mwili au ya akili, au sababu nyingine ya namna hiyo. Angalia kisichotajwa: elimu, dini, undugu na mdaawa (mwenye kesi), kuwahi kufungwa, kuwa na ugomvi na mshitakiwa. Hayo yote yanaathiri uzito wa ushahidi, lakini mlango hayaufungi. Wakili anayesimama na kusema, "Mheshimiwa, shahidi huyu ni shemeji wa mlalamikaji, asisikilizwe," ametaja hoja ya mizani kwenye hatua ya mlango, na atakaa chini bila kitu. Asiyeweza kusema anatoa ushahidi kwa maandishi au kwa ishara mbele ya mahakama, na sheria inauhesabu kuwa ushahidi wa mdomo. Cha kuangalia hapo ni mkalimani: aape kwanza kuwa atatafsiri kwa uaminifu, na kiapo chake kionekane kwenye mwenendo.

Kifungu cha 143 kinaongeza kwamba hakuna idadi maalumu ya mashahidi. Mmoja akiaminiwa anatosha. Hili linawashangaza wadaawa wengi, wanaofika na mashahidi saba wanaosema jambo moja kwa maneno saba tofauti, kisha tofauti hizo zinageuka silaha ya upande wa pili.

Kiapo ndicho kitu kidogo kinachovunja kesi kubwa. Kifungu cha 198 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kinataka shahidi wa kesi ya jinai aape au athibitishe kabla hajasema neno. Mwenendo ukionyesha jina, umri, kabila, kazi na dini, halafu moja kwa moja "Mimi naishi...", bila neno "ameapa" au "amethibitisha", ushahidi huo unaweza kuondolewa kwenye kumbukumbu ukifika rufaa. Hata Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ya migogoro ya kazi, ambako watu hudhani mambo ni ya mezani tu, mienendo imewahi kufutwa kwa sababu mashahidi hawakuapishwa. Mwombaji aliyeshinda anarudi kuanza upya. Mkinge mteja wako: shahidi akimaliza kutaja dini yake, sikiliza kiapo kwa sikio lako. Kisiposikika, simama useme hapo hapo.

Mtoto

Hapa ndipo sheria ilipobadilishwa zaidi, na ndipo tathmini inapaswa kukaa kidogo.

Mtoto wa umri mdogo, kwa kifungu cha 127(4), ni yule ambaye umri wake unaoonekana hauzidi miaka 14. Kinachoangaliwa ni umri wake siku anapotoa ushahidi. Wa miaka 15 anaapa kama mtu mzima. Kabla ya 2016 mahakama ilipaswa kumpima mtoto kwanza, ione kama ana akili ya kutosha na kama anaelewa wajibu wa kusema kweli. Upimaji huo ulizaa utitiri wa rufaa, kwa sababu kila hakimu alikuwa na maswali yake, wengine wakiuliza majina ya walimu na rangi ya sare. Sheria Na. 4 ya 2016 ikafuta hayo. Kifungu cha 127(2) sasa kinasema mtoto anaweza kutoa ushahidi bila kiapo wala uthibitisho, ila kabla hajaanza aiahidi mahakama kwamba atasema ukweli na hatasema uongo.

Kwa kuisoma, ni sentensi moja. Kwa kuitumia, ina mitego mitatu.

Mtego wa kwanza ni kudhani kiapo kimekatazwa. Hakijakatazwa. Mtoto anayeelewa maana ya kiapo anaweza kuapa. Mahakama ya Rufani, katika Rufaa ya Jinai Na. 168 ya 2018, ilipendekeza maswali mepesi ya kumfikisha hakimu kwenye uamuzi huo: mtoto ana umri gani, ana dini gani na anaelewa maana ya kiapo au la, na anaahidi kusema ukweli na kutosema uongo au la. Asiyeelewa kiapo ndiye anayeahidi.

Mtego wa pili ni ahadi nusu. Kifungu kina miguu miwili, ukweli na kutosema uongo. Mwenendo unaosema "mtoto ameahidi kusema ukweli" umeacha mguu mmoja nje, na wakili wa rufaa atauona kabla ya chai ya saa nne.

Wa tatu, na ndio mbaya zaidi, ni hakimu kuandika hitimisho lake badala ya maneno ya mtoto. "Nimemhoji mtoto, nimeridhika ataeleza ukweli" haionyeshi ahadi ya mtu yeyote. Mwenendo salama unasomeka hivi:

Swali: Una miaka mingapi?
Jibu: Tisa.
Swali: Unasali wapi?
Jibu: Msikitini, na bibi.
Swali: Unajua kuapa ni nini?
Jibu: Sijui.
Swali: Utatuambia nini leo?
Jibu: Naahidi nitasema ukweli, sitasema uongo.

Mistari minane. Inachukua chini ya dakika tatu, na bila mistari hiyo ushahidi wa mtoto umewahi kuondolewa rufaani, pengine ndio uliokuwa nguzo ya kesi nzima. Mwendesha mashtaka asimwachie hakimu peke yake kazi hii. Akiona ahadi haijaandikwa kwa maneno ya mtoto, aombe iandikwe kabla ya swali la kwanza.

Kwa makosa ya kujamiiana, kifungu cha 127(6) kinaruhusu mahakama kutia hatiani kwa ushahidi wa mtoto au mwathirika pekee, bila wa kuuunga mkono, mradi imeridhika kwamba anasema ukweli mtupu na sababu za kuridhika zimeandikwa. Sababu hizo ndizo zinazosahaulika. Kuandika "namwamini" si sababu. Sababu ni kama kwamba alimtaja mshitakiwa mapema, hakuyumba kwenye dodoso (maswali ya upande wa pili), na maelezo yake yanalingana na mazingira. Alama yetu kwa sehemu hii ni ya juu: mtoto anasikilizwa kwa lugha yake, na mshitakiwa ana pa kuhoji.

Mwenza wa ndoa tunampitia haraka. Chini ya kifungu cha 130 mume au mke wa mshitakiwa anaweza kutoa ushahidi upande wa mashtaka lakini, nje ya makosa yaliyotajwa humo, hawezi kulazimishwa. Mahakama imweleze haki hiyo kabla hajaanza, na iandike kwamba imemweleza. Isipoandika, ushahidi haupokelewi. Ni kalamu tena.

Dodoso

Sasa shahidi yuko ndani. Msimamo wa Mahakama ya Rufani ni kwamba kila shahidi anastahili kuaminiwa mpaka ipatikane sababu nzito ya kutomwamini. Kwa hiyo mzigo wa kumtikisa uko kwa anayemtikisa, na kukaa kimya kuna gharama: usipomuuliza shahidi jambo la msingi alilolisema, unahesabiwa umelikubali. Wakili mzuri huandika pembeni ya daftari kila dai la shahidi linalomuumiza mteja, akikata moja moja kadiri anavyouliza. Mshitakiwa asiye na wakili huwa hajui hili. Anajibu "sina swali", kisha kwenye utetezi anaeleza mambo ambayo hakumwuliza mtu.

Sheria inatoa njia kadhaa za kumpunguzia shahidi uzito: watu wanaomfahamu waseme hastahili kuaminiwa, ithibitike amepewa au amekubali rushwa, au ionyeshwe kwamba aliwahi kusema tofauti. Mbili za mwanzo ni nadra kuonekana. Ya tatu ndiyo mkate wa kila siku, na chombo chake ni maelezo ya polisi. Kifungu cha 154 kinaeleza namna, na hukumu za rufaa zimekinyoosha: shahidi asomewe au aonyeshwe maelezo, aelekezwe kwenye sehemu inayopingana na anachosema leo, kisha maelezo yapokelewe kama kielelezo.

Tuseme shahidi wa Jamhuri, yaani wa upande wa mashtaka, amesema alimtambua mshitakiwa kwa taa ya barazani. Kazi inakwenda hivi.

"Shahidi, uliandika maelezo polisi?"
"Niliandika. Yaani askari aliandika, mimi nikawa nasema."
"Alikusomea alipomaliza?"
"Alinisomea, nikasaini."
"Leo umesema taa ya umeme ya barazani ilikuwa inawaka."
"Ndiyo, ilikuwa inawaka."
"Mheshimiwa, naomba shahidi aonyeshwe maelezo yake. Shahidi, sahihi hii ni yako?"
"Ni yangu."
"Tusomee kuanzia mstari wa tisa."
"'Umeme ulikuwa umekatika, nikasikia sauti tu, nikatambua kwa sauti.'"
"Mheshimiwa, naomba maelezo haya yapokelewe kuwa kielelezo cha utetezi."

Kisha unaacha. Usiulize "sasa kwa nini umedanganya?" Hilo ni swali la kumpa ngazi, naye atapanda: alikuwa amechanganyikiwa, askari alikosea, alimaanisha umeme ulikatika baadaye. Kama upande wa pili unataka kuokoa, una maswali yake ya kurekebisha. Hapo mkanganyiko umefika kwenye kiini cha kesi, kwa sababu utambuzi wa usiku unapimwa kwa mwanga, umbali, muda na kama shahidi alimfahamu mtu huyo kabla, tangu hukumu maarufu ya Waziri Amani ya 1980.

Kinachoharibika ni nini? Kwanza, wakili anapunga karatasi hewani, "polisi hukusema hivyo!", shahidi anajibu "sikumbuki", wakili anatabasamu na kukaa. Maelezo hayakupokelewa, basi mahakama haina cha kulinganisha, na rufaani hakuna anayeruhusiwa kuyafungua. Pili, kupigania tofauti za pembeni: shati la bluu au la kijani, watu wanne au watano. Mahakama huzisamehe zisipogusa mzizi, na ukizipigia kelele unaonekana huna kubwa zaidi. Tatu, kuchanganya kanuni hii na ile ya vielelezo vya kawaida. Hati ya kawaida haisomwi mpaka ipokewe, na ikishapokewa lazima isomwe. Hapa kifungu chenyewe kinataka shahidi aelekezwe kwenye maneno kabla ya hati kuthibitishwa. Mpinzani akisimama kupinga, msomee kifungu, usibishane.

Maelezo unayapataje? Katika mahakama za chini, kifungu cha 9(3) cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kinampa mshitakiwa nakala ya taarifa na maelezo ya aliyetoa taarifa ya kosa akitajwa kuwa shahidi. Ya mashahidi wengine unaomba. Kwa kesi za Mahakama Kuu hali ni nzuri zaidi, kwa sababu maelezo husomwa wakati wa kumpeleka mshitakiwa huko, na shahidi ambaye hakuwamo haitwi bila notisi. Tofauti hii kati ya ngazi mbili haina sababu nzuri. Mtu anaweza kufungwa miaka 30 kwenye mahakama ya wilaya kama vile Mahakama Kuu.

Shahidi wako akikugeuka, kifungu cha 163 kinakuruhusu umwulize maswali ya namna ya dodoso, mahakama ikikupa ruhusa. Omba kwanza, eleza amegeuka wapi, uwe na maelezo yake mkononi. Wanaoanza kumfokea shahidi wao kabla ya kuomba ruhusa huzuiwa, na wanakuwa wamekwisha kuonyesha hofu.

Tatizo la lugha

Sheria hii ilitungwa kwa Kiingereza. Kwa miongo mingi shahidi amesema kwa Kiswahili, hakimu akaandika kwa Kiingereza, na maelezo ya polisi yakabaki kwa Kiswahili. Marekebisho ya 2021 yamefanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, na hilo limeondoa nusu ya mikanganyiko bandia. Nusu nyingine bado imo kwenye mienendo ya zamani iliyoko rufaani. "Saa mbili usiku" ikitafsiriwa na aliyechoka, inageuka saa nane za usiku wa manane. "Mkono" unaweza kuandikwa kiganja au mkono mzima, halafu fomu ya polisi namba 3, yaani PF3, inataja jeraha la kiwiko. "Ndugu" anageuka kaka wa tumbo moja, na siku ya pili anapojieleza kuwa ni mtoto wa shangazi anaonekana mwongo. Ukipitia mwenendo wa aina hii, kabla ya kuandika hoja ya mkanganyiko jiulize shahidi angekuwa ametumia neno gani. Hoja ya rufaa iliyojengwa juu ya tafsiri mbaya huporomoka dakika ile jaji anapouliza.

Wataalamu

Kifungu cha 47 kinaruhusu maoni ya mtu mwenye ujuzi maalumu katika sheria za nje, sayansi au sanaa, utambuzi wa mwandiko na alama za vidole. Basi. Hakielezi mbinu yake ipimwe vipi. Marekani, tangu hukumu ya Daubert ya 1993, jaji wa shirikisho huangalia kama mbinu imejaribiwa, imepitiwa na wataalamu wengine, ina kiwango cha makosa kinachojulikana, ina viwango vya kuiongoza, na imekubalika katika fani. Kwetu hakuna orodha kama hiyo kwenye kifungu. Mahakama inabaki na kanuni moja nzuri, kwamba maoni ya mtaalamu hayaifungi, lakini ikiyakataa itoe sababu. Kanuni hiyo inafanya kazi mwishoni, kwenye hukumu. Mlangoni hapana kichujio, na hili ndilo pengo letu kubwa.

Kwa hiyo kichujio ni dodoso lako. Mtaalamu anayeletwa vizuri hueleza mambo kwa mpangilio huu: elimu yake na miaka ya kazi, alipokea nini kutoka kwa nani na kikiwa na lakiri gani, alifanya kipimo gani, aliona nini, na kwa nini alichoona kinamfikisha kwenye hitimisho. Ripoti nyingi huruka hatua ya tatu na ya tano. Ripoti ya mwandiko inasema "sahihi hizi zimeandikwa na mtu mmoja" bila kutaja ni herufi zipi zilizofanana, na sampuli alizolinganisha hazikuletwa mahakamani. Bila sampuli, mahakama inaombwa kuamini tu. Uliza: sampuli ngapi, ziliandikwa lini, nani aliyeshuhudia zikiandikwa, na tofauti zipi uliziona ukazipuuza? Swali la mwisho ndilo lenye sumu, kwa sababu tofauti huwapo siku zote.

Daktari naye hupewa mzigo usio wake. Akiandika kwenye PF3 "amebakwa", ametoa hitimisho la sheria. Ujuzi wake unamruhusu kusema kuna mchubuko mahali fulani, wa siku ngapi takriban, na kwamba unalingana na kuingiliwa na kitu butu. Nani aliyemwingilia, na kama kulikuwa na ridhaa, ni kazi ya ushahidi mwingine. Mwulize kwa upole: "Daktari, ulichokiona kingeweza kusababishwa na kitu kingine?" Mkweli atasema ndiyo, na jibu hilo lina thamani kuliko nusu saa ya kumshambulia.

Kumbuka pia kifungu cha 240(3) cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai. Ripoti ya daktari ikipokelewa bila daktari mwenyewe, mahakama lazima imwambie mshitakiwa kwamba ana haki ya kuomba aitwe. Isipomwambia, PF3 inaondolewa. Upande wa mashtaka unaotegemea PF3 peke yake umejenga nyumba juu ya mchanga. Ulio makini unahakikisha maneno ya mwathirika yanasimama hata fomu ikiondoka.

Ripoti ya Mkemia Mkuu wa Serikali, iwe ya dawa za kulevya au ya vinasaba, mara nyingi haivunjwi kwa kemia. Inavunjwa kwa safari ya sampuli: askari aliyekamata alimkabidhi nani, kilihifadhiwa wapi, kilifungwaje, kilifika maabara siku gani na kikiwa na uzito gani. Linganisha uzito kwenye hati ya ukamataji na uzito kwenye ripoti. Tofauti ndogo ya majani mabichi kukauka inaelezeka. Unga kuongezeka hauelezeki. Mahakama, hata hivyo, zimelegeza kidogo kwa vitu visivyobadilishika kirahisi. Usitegemee karatasi moja iliyokosekana kuangusha kesi ya gari au pembe za ndovu.

Nakala ya kutumia

Maandishi ya sheria na hukumu za Mahakama ya Rufani yanapatikana bure kwenye TanzLII, tovuti ya Mahakama ya Tanzania, na kwa kazi ya kila siku inatosha. Tahadhari ni moja: namba zote za vifungu humu ni za matoleo ya kabla ya Toleo la Marekebisho la 2023, lililoanza kutumika Julai 2025 na kuhamisha namba za vifungu vingi. Hukumu za zamani zitakuonyesha 127 na 154, wakati kitabu kipya mezani kwa hakimu kina namba nyingine. Andika zote mbili kwenye hoja zako, ya zamani kwenye mabano, na kabla ya kusimama fungua toleo jipya uhakikishe kwamba maneno ya kifungu ni yale yale unayokusudia kuyasoma.